Kadi Iliyonukia Iliki: Nilimpeleka Mume Wangu Marrakech, Sasa Ananilipa Kila Mwisho wa Mwezi

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, naishi Temeke, Dar es Salaam. Kazi yangu ni upishi wa shughuli: harusi, maulidi, khitma, hata vikao vya ofisi wakinihitaji. Mume wangu anafundisha historia sekondari, ni mtu wa Kilwa, na nyumbani sote tunamwita Mwalimu. Tuna miaka 15 ya ndoa na watoto wawili.

Tangu nimjue, Mwalimu ana wimbo mmoja. Kwamba Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, akazunguka mpaka akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akauandika mji wetu ukasomwa na dunia. "Mgeni kaja kwetu karibu miaka 700 iliyopita," husema, "na mpaka leo sijasikia Mmatumbi aliyekwenda kumrudishia ziara." Kisha hucheka peke yake. Mimi maneno yale niliyaweka moyoni.

Kwa miaka minne nilikusanya pesa. Kikoba chetu kikivunjwa kila Desemba, fungu langu nilikuwa nalipeleka benki, kwenye akaunti ambayo Mwalimu hakuijua. Kadi yake niliificha ndani ya mfuko wa iliki, kwenye kabati la viungo ambalo hakuna mkono mwingine unaoingia. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, nikamwekea tiketi mezani chini ya kawa. Akafunua akidhani ni vitumbua.

Bi Mshauri, alilia.

Watoto nikawaacha kwa dada yangu. Tukabadilisha ndege Istanbul, tukashuka Casablanca, tukapanda treni ya mwendo wa karibu saa tatu hadi Marrakech. Nilikuwa nimelipia siku nne kwenye riyadi, yaani nyumba ya kale iliyogeuzwa hoteli, ndani kabisa ya medina, mji wa kale. Gari haliingii huko. Kijana alitupokea na mkokoteni, akaswaga mabegi yetu kwenye vichochoro kama vya Mji Mkongwe wa Unguja, mpaka kwenye mlango mdogo usio na sura. Ukishaingia ndipo unaona: ua wa vigae wenye chemchemi, michungwa minne, na kobe anatembea taratibu kama mwenye nyumba. Kitandani wametumwagia maua ya waridi. Usiku mmoja ni dirhamu 3,200. Jumla ya safari yote, na tiketi, na kula yetu, ilikuwa shilingi 9,500,000.

Siku mbili za kwanza sitazisahau. Tuliogeshwa hamamu, bafu lao la mvuke, kwa sabuni nyeusi na kusuguliwa kwa glavu ngumu mpaka ngozi ikatoka kama takataka za kifutio. Tukala tangia, nyama wanayoitia kwenye mtungi wa udongo na bizari ya pilau, zafarani na ndimu ya chumvi, wakafunga mdomo kwa karatasi na kuufukia kwenye majivu ya tanuri la hamamu usiku kucha. Mimi mpishi nilitamani nirudi na tanuri lenyewe. Jioni tukenda uwanja wa Jemaa el-Fnaa, Mwalimu akasimama kwa Wagnawa, wanamuziki wanaopiga karakebu, yaani matoazi ya chuma, akanieleza kuwa mababu zao walivushwa jangwa wakiwa watumwa kutoka kwetu huku kusini mwa Sahara. Alikuwa na furaha ya mtoto.

Mhudumu kila mara alimletea yeye bili. Mwalimu akawa anaisukuma kwangu huku anacheka, "Tajiri ni huyu." Mara ya kwanza nilipotoa kadi akainusa. "Kadi gani hii inanukia iliki?" Tukacheka wote na mhudumu.

Siku ya tatu tulikwenda kasri la Bahia. Mtembezaji wetu akatueleza kwamba lilikuwa la Ba Ahmed, waziri aliyeiendesha nchi kwa niaba ya Sultani Abdelaziz aliyekuwa bado kijana. Alipofariki mwaka 1900, sultani akaamuru mali yake ichukuliwe. Zulia, vyombo, kila kitu. Tulikuwa tumesimama kwenye ua wa wake zake, dari za mbao zimechorwa maua, ndani hamna hata kigoda. Nikashikwa na kilio cha ghafla. Baba yangu alipofariki Tanga nilikuwa na miaka 11. Siku ya arobaini baba zangu wadogo walikuja na gari, wakabeba kitanda, kabati, na cherehani ya mama, ambayo aliinunua mwenyewe kwa pesa ya maandazi. Mama aliniambia palepale ukumbini: "Ukiolewa, weka chako wasipopajua." Mwalimu hadithi hiyo anaijua nusu. Siku ile nikamweleza yote, na kwamba ndiyo sababu huwa naweka.

Usiku tulikaa juu ya dari. Unauona mnara wa msikiti wa Koutoubia, na mchana tulikuwa tumeona theluji juu ya milima ya Atlas, mara yetu ya kwanza maishani kuona theluji. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, polepole tu: "Kadi mpaka inukie iliki namna ile, imekaa humo muda gani? Machi ya mwaka jana ilikuwemo?"

Machi ile baba mkwe alihitaji upasuaji wa ngiri. Mwalimu aliuza pikipiki yake na kukopa kwa walimu wenzake. Mimi nilitoa 200,000, nikasema ndiyo yote niliyonayo. Kwenye akaunti palikuwa na milioni 6 na ushee. Mzee alipona, namshukuru Mungu.

Nikamjibu, "Ilikuwemo." Akasema, "Haya." Siku ya nne tulizunguka kama watalii wawili waliokutana kwenye basi.

Tangu turudi hajanigombeza hata siku moja. Ananisemesha vizuri. Nikimpakulia chakula anasema "ahsante sana" kama mpangaji. Na kila tarehe 28, mshahara ukiingia, simu yangu inalia: ametuma 200,000. Hakuna neno. Januari, Februari, Machi. Sijaigusa. Dada yangu ananiambia kula, pesa ya mume ni halali yako. Shoga yangu wa kikoba anasema rudisha upesi, nimeshamvunjia heshima yake ya kiume, nisiongeze. Na kuna jambo jingine ambalo nakwambia wewe tu: hajauliza kama kuna iliyobaki. Ipo, milioni 2 na laki 8, na kadi imerudi kwenye iliki. Usiku wa kuamkia shughuli bado anakuja jikoni kunisaidia kumenya vitunguu saumu kama zamani, ila sasa tunamenya kimya.

Nirudishe pesa zake? Na hii iliyobaki, nimwambie au ninyamaze?

Mpishi wa Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitamani tangia, nakiri. Mara ya pili nikaona uchungu. Mara ya tatu nikachukua kalamu, nikazungushia namba mbili, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza nijihakikishie kwamba nimekuelewa. Ulitaka kumpa mumeo kitu alichokiota miaka yote, na ukampa. Zawadi yenyewe ikafungua kabati. Ndani ya kabati akaona akiba, na nyuma ya akiba akaiona Machi. Sasa anakulipa bila kusema analipa nini, nawe unapokea bila kusema unapokea nini. Unaniuliza kuhusu laki mbili za kila mwezi na kuhusu zile milioni zilizobaki.

Shoga yako anasema umemvunjia heshima ya kiume. Sikatai kwamba wapo wanaume ambao bili ikilipwa na mke wanakonda. Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe. Siku mbili nzima bili ilikuja kwa Mwalimu, naye akaisukuma kwako anacheka, mbele ya mhudumu. "Tajiri ni huyu." Mtu aliyejeruhiwa uanaume hasemi hivyo, au akisema, hacheki namna ile. Kilichombadilisha kilikuja usiku wa tatu, juu ya dari, na hakikuwa bili. Kwa hiyo kabla hujaanza kutibu heshima ya kiume, ningekuomba ujiulize kama ndiyo iliyoumia. Huenda ni kitu ambacho hata mwanamke mwenzako angeumia.

Sasa zile namba. Machi ile ulitoa 200,000, ukasema ndiyo yote niliyonayo. Mwalimu anakutumia 200,000. Umeliona hilo? Barua nzima hukulitaja.

Labda ni sadfa. Mshahara wa mwalimu una mipaka yake, na laki mbili huenda ndicho kiasi kinachomegeka baada ya karo na umeme. Sitaki nikutie maneno ya mumeo mdomoni, simjui. Lakini yeye ni mtu wa historia, watu wa historia tarehe na namba huwa haziwapotei. Nikichukua milioni 9 na nusu nikaigawa kwa laki mbili, napata karibu miezi 48. Miaka minne, sawasawa na ile uliyokusanya. Ikiwa analipa nusu yake tu, ni miaka miwili. Ikiwa harudishi za Marrakech hata kidogo, ikiwa kila mwezi anakurudishia ile laki mbili ya Machi, basi hiyo haina mwisho, maana kinachorudishwa siyo pesa. Mimi sijui ni ipi kati ya hizo. Wewe pia hujui. Na ndiyo maana swali la "nirudishe au nisirudishe" linanipa tabu kulijibu: tutarudishaje kitu ambacho hatujui ni cha nini?

Mwanangu, uliniandikia kuhusu kobe, michungwa, majivu ya hamamu, na uliandika vizuri. Lile la Machi umelipa mistari mitatu, ukakimbilia "mzee alipona". Nimelielewa hilo kukimbia. Lakini naona wewe katika moyo wako unajilaumu kwa kuficha akiba, na mimi, nikiisoma barua, akiba hainisumbui. Kinachonisumbua ni ile sentensi. Mtu akiwa na kibubu chake kimya, hilo ni jambo lake. Mtu akiulizwa, mwenzake kasimama mbele yake na ufunguo wa pikipiki anayokwenda kuiuza, akasema sina zaidi ya hizi, hapo mlango mwingine unafungwa. Nadhani mlango huo ndio Mwalimu alisikia unafungwa, miezi 21 baada ya kufungwa.

Sikwambii haya kukuchoma. Maana upande wa pili nakuona vizuri sana. Mtoto wa miaka 11 aliyetazama cherehani ya mamake ikipandishwa kwenye gari siku ya arobaini, huyo hatoki. Amekaa jikoni kwako, ndiye anayelinda mfuko wa iliki. Na hakulinda upuuzi. Dini yako inasema mali ya mke ni ya mke, na matunzo ya nyumba ni juu ya mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema kuolewa hakumnyang'anyi mtu umiliki wa kilicho chake. Mama yako alikuwa na haki zote mbili hizo na bado cherehani ilikwenda. Kwa hiyo mtu asikwambie hofu yako ni ya kijinga. (Mimi mwenyewe, enzi zangu, nilikuwa naficha noti kwenye pipa la mchele. Marehemu mume wangu alijua siku zote, na hakusema mpaka siku panya walipozikuta kabla yake.)

Swali langu la upole ni hili: wale waliobeba cherehani walikuwa ndugu wa baba yako, baba yako hayupo. Wewe ulimficha Mwalimu, ambaye yupo. Je, kwa miaka 15 umewahi kuona kwake hata dalili moja ya wale? Kama umeona, niandikie tena, jibu langu litabadilika. Kama hujaona, basi labda ulikuwa unamlinda yule msichana dhidi ya watu ambao hawako nyumbani kwako.

Tuje kwenye unachoweza kufanya.

Kurudisha pesa kimya kimya, kwa simu, kama zilivyokuja. Ni rahisi, kubonyeza tu. Lakini naogopa atasoma: sihitaji chako. Na mtu aliyeuza pikipiki wakati mkewe ana milioni sita ameshasikia neno hilo mara moja.

Kuzila kama dada yako anavyoshauri. Dada hajakosea kwenye sheria. Ila pesa hizi hazina harufu ya matunzo. Ukizinunulia mchele nazo, kila sahani utakayompakulia atasema "ahsante sana" tena, nawe utajua kwa nini.

Kuziacha zilivyo, bila kuzigusa, na kumwambia kwamba hujazigusa. Hili lina uzito kidogo, kwa sababu linamfungulia nafasi ya kusema ni za nini. Hatari yake ni kwamba anaweza kujibu "zako hizo" na kuondoka, na utabaki na namba kubwa zaidi na ukimya uleule. Ikitokea hivyo usifukuzane naye siku hiyo.

Kuhusu milioni 2 na laki 8, hapo nasita zaidi. Ukimwambia leo, kabla ya kuzungumza kuhusu Machi, itakuwa kama unamwonyesha kabati jingine. Ukinyamaza na akaja kuikuta kadi, sidhani kama "Haya" ya pili itakuwa fupi kama ya kwanza. Pia kumwambia kwamba ipo hakukulazimishi kumwambia iko wapi, wala kuitoa iwe ya nyumba nzima. Wapo wanandoa wanaosema wazi: mimi nina changu, siwezi kulala bila kuwa nacho, na sababu yake ni hii. Mwenzake akajua kwamba kipo, akajua na mpaka wake: ugonjwa wa mzazi tutafungua, harusi ya binamu hatutafungua. Wengine wamejaribu hivyo na ndugu wa mume wakapata habari kabla ya wiki kwisha. Hilo nalo litazame, maana wewe unawajua watu wa Kilwa waliokuoa, mimi siwajui.

Nitakupa kisa kimoja ambacho mumeo anakijua kuliko mimi. Sultani aliyemkuta Ibn Battuta pale Kilwa ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba sultani alikuwa anatoka msikitini Ijumaa, fukara mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Nilipoisoma barua yako nikakifikiria kisa hicho, kwa sababu wewe ni mkarimu kama yeye. Siku nne za riyadi, dirhamu 3,200 kwa usiku, kwa mtu aliyekuwa anatania tu kuhusu kurudisha ziara! Tofauti ni kwamba sultani alitoa saa ile alipoombwa. Zawadi yako ilikuwa kubwa kuliko ombi la Mwalimu, na ilikuja kwa saa yako. Huenda usiku ule juu ya dari, katikati ya uzuri wote ule, ndicho alichokuwa akikipima. Au huenda nimekosea kabisa, na alikuwa anajilaumu yeye, kwamba mke wangu amekaa na hofu hii miaka 15 nami nafundisha historia ya watu wengine. Usimnyime nafasi ya kuwa amewaza hivyo.

Umesema bado anakuja kumenya vitunguu saumu. Mwanangu, mtu anayelipa deni ili aondoke haji kunukisha vidole saa sita ya usiku. Hapo jikoni mikono ina kazi, macho yako chini, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Ukiniuliza ningeanzia wapi, ningeanzia hapo, na ningeanza na Machi. Nisingeanza na mama, wala cherehani, maana hiyo Mwalimu ameshaisikia, na ukiitanguliza tena itasikika kama utetezi. Ningesema tu kilichotokea: uliuza pikipiki, nikakwambia sina zaidi, na nilikuwa nazo. Kisha ningemenya kingine na kungoja. Anaweza kukaa kimya mpaka kikapu kiishe. Anaweza kukasirika, na baada ya miezi mitatu ya "ahsante sana" sijui kama hasira ingekuwa habari mbaya. Usimkimbize afike kwenye msamaha ili ulale vizuri.

Pikipiki hukuniambia kama alipata nyingine, au bado anakwenda shule kwa daladala. Siulizi ili ukamnunulie. Tafadhali usimnunulie, angalau si sasa, si kwa kadi ile, si chini ya kawa.

Shughuli yako ijayo ni lini? Niandikie baada yake. Na kama tarehe 28 ikitangulia na simu ikalia kabla hujasema neno, iache ilie, nenda kamalize kazi yako. Vitunguu vipo.